Zijlstra si Tanga: Fundi wa Nakshi wa Amu na Tovuti Mbili za Majina ya Wafrisia

Kibao kilichoharibika nimekitundika ukutani mwa karakana, juu ya sanduku la patasi. Kimechongwa herufi saba kubwa, ZYLSTRA, na juu yake jahazi lenye tanga lililojaa upepo wa kusi. Ubao wenyewe ni mbambakofi, kipande nilichosaza nilipotengeneza mlango wa nyumba moja ya Mkomani, hapa kwetu Amu, yaani Lamu, na mbambakofi wa namna hiyo siku hizi hauokotwi njiani. Nakshi haina dosari. Msasa umepita mara tatu. Ila mwenye jina haitwi hivyo.

Kosa hilo ndilo lililonifikisha kwenye tovuti mbili ninazotaka kuzisemea hapa, baada ya kuzitumia kwa majuma matatu kwa simu ya mpwa wangu na bando langu. Ya kwanza ni ile ya majina ya koo za Uholanzi, inayosimamiwa na CBG, kituo cha historia za familia kilichoko The Hague. Ya pili inaitwa AlleFriezen, maana yake "Wafrisia wote", na kumbukumbu zake zinatoka Tresoar, hazina ya nyaraka na vitabu iliyoko mji wa Leeuwarden. Zote mbili hazitozi hata ndururu. Wenyewe hawanijui wala hawajui kama Amu kuna mtu anawasoma.

Nianze na mteja. Alikuwa mzee aliyefikia kijiji cha Shela na mkewe. Nilipomwita Mholanzi alinisahihisha kwa upole: pasipoti ni ya Uholanzi, lakini yeye ni Mfrisia, mtu wa Friesland, jimbo la kaskazini lenye lugha yake, bendera yake na ukaidi wake. Sisi Kenya neno hilo tunalijua kwa ng'ombe. Mwambie mkulima wa Limuru "Friesian", atakuuliza anakamuliwa lita ngapi kwa siku. Nikamwambia hivyo. Alicheka hadi akakohoa, akasema ng'ombe hao kweli asili yao ni kwao, ila hakuwahi kufika nchi ambayo ng'ombe wa kwao wana jina kubwa kuliko watu.

Alitaka kibao cha mlangoni kwa nyumba yake ya kule: jina la ukoo, na tanga juu yake. Tanga kwa nini? Kwa sababu babu yake alimwambia tangu utotoni kwamba wao ni "watu wa tanga", na jina ndivyo lisemavyo. Akaniandikia jina lenyewe nyuma ya risiti ya hoteli.

Sasa, fundi mwenzangu unayechonga majina ya wageni, sikiliza hapa. Mholanzi akiandika *i* na *j* kwa mkono huzishikanisha. Juu zinabaki nukta mbili, chini mkia. Ukiiangalia ile herufi utaapa kwamba ni *y* iliyodondokewa na wino. Mimi niliapa. Nikanakili kwa karatasi ya kaboni, nikachonga siku nne. Alipokuja kukichukua, mkewe alitia mkono mdomoni. Mzee mwenyewe akapapasa herufi ya pili kwa kidole gumba, polepole, kama mtu anayepima ukali wa kisu.

"Fundi," akasema, "kazi nzuri sana. Lakini huyu ni binamu yangu wa Canada."

Utani wake sikuuelewa mpaka usiku. Tulikubaliana nichonge kingine, gharama ya ubao juu yangu, na yeye alikuwa na siku kumi kabla ya kuondoka. Mpwa wangu alipokuja baada ya isha nikamwonyesha risiti. Akaiangalia chini ya taa. "Mjomba, hii si y. Ni i na j." Akatoa simu, tukaanza kutafuta.

Tovuti ya CBG ni rahisi kuliko nilivyodhani. Unaandika jina, unapata ukurasa wake: ni watu wangapi walikuwa nalo mwaka 1947, wangapi mwaka 2007, ramani ya nchi iliyotiwa rangi kufuata wanakokaa, maelezo ya asili ya jina pale yanapokuwepo, na namna nyingine za kuliandika. Tuliandika Zijlstra. Ramani ikakolea juu kabisa, kule kaskazini, halafu ikafifia kadiri unavyoshuka kusini. Hilo peke yake lilinipendeza. Ni kama kumwaga rangi kwenye maji na kuona mahali tone lilipoangukia kwanza.

Kisha maelezo. *Zijl* si tanga. Ni lango la maji katika boma la kuzuia bahari.

Nilimfanya mpwa wangu asome mara mbili. Nchi ile sehemu kubwa iko chini, karibu sawa na bahari au chini yake. Watu wamejenga maboma marefu ya udongo ili maji ya chumvi yasiingie. Lakini mvua hunyesha ndani ya boma, na mito hutiririka, na maji hayo ya ndani lazima yatoke. Ndipo unapowekwa mlango wa mbao ndani ya boma, mbao mbili zinazokutana kwa pembe kuelekea baharini. Maji ya bahari yakipwa, maji ya ndani yanazisukuma, yanatoka. Maji yakijaa, bahari yenyewe inazifunga kwa uzito wake. Hakuna mtu wa kushika komeo. Bamvua likija kwa nguvu zaidi, mlango unazidi kukaza.

Mimi ni fundi wa milango, mtoto wa fundi wa milango. Nimechonga mabawa mawili ya mlango tangu nina miaka kumi na mitano, na sijawahi kuwaza mlango unaofungwa na bahari. Usiku ule sikulala mapema.

Na kosa la babu yake mteja lina sababu yake. Tanga kwa Kiholanzi ni *zeil*, na *zeil* na *zijl* hutamkwa sawasawa. Masikioni ni neno moja. Mtoto akisikia jina lao, akaona mashua ziwani, akaambiwa "sisi watu wa tanga", atapinga kwa lipi?

Kile kipande cha mwisho, *-stra*, ndicho kilichonifungulia mengine yote. Wataalamu huliunganisha na neno la Kifrisia cha kale la kukaa: akaaye mahali fulani. Zijlstra ni akaaye langoni. Dijkstra ni akaaye bomani, kwenye lile tuta la kuzuia bahari. Hoekstra, wa penye pembe au kona. Veenstra, wa penye ile ardhi ya kinamasi ambayo udongo wake hukatwa, hukaushwa na kuchomwa kama kuni. Terpstra, wa kwenye *terp*, yaani kilima kilichorundikwa na watu kwa mikono kabla hayajajengwa maboma, ili mafuriko yakija nyumba na mifugo ibaki juu. Kilima kimojawapo, cha Hegebeintum, kinakaribia mita tisa na bado kina kanisa juu yake. Unaona basi: ukipanga majina yao unapata ramani ya vita kati ya watu na maji. Jirani yangu mmoja, mwalimu mstaafu wa madrasa, nilipomweleza hakushangaa hata kidogo. "Hiyo si ndiyo nisba?" akasema. "Barawy ni mtu wa Barawa, Hadhramy ni mtu wa Hadhramaut. Wao wameweka *stra*, sisi tumeweka *y*." Mimi nilihitaji majuma matatu na bando; yeye alimaliza kabla kahawa haijapoa.

Ila nisba zetu hutaja mji au nchi, na zao hutaja kona ya shamba. Hapo ndipo ninapoona uzuri wao. Mtu amebeba hadi Amerika jina la mtaro uliokuwa nyuma ya nyumba ya baba wa babu yake.

Kuna mkia mwingine, *-ma*, unaomaanisha mtu au watu wa fulani, na mara nyingi kabla yake kuna jina la mtu: Sjoerdsma kutoka kwa Sjoerd, Folkertsma kutoka kwa Folkert. Na kuna *-inga*, kizazi cha fulani, kama Huizinga, jina la yule mwanahistoria aliyezaliwa Groningen mwaka 1872. Hapa tovuti inafanya kazi nzuri zaidi kuliko kule kwa *-stra*, kwa sababu majina yao ya kuitwa ni mageni kabisa kwetu na bila maelezo usingejua kama Sjoerd ni mtu, mto au samaki.

Malalamiko sasa. Ukurasa mwingi ni Kiholanzi. Mpwa wangu akauwasha mtambo wa kutafsiri, na hapo ndipo kicheko kilipoanza, maana mtambo haujui jina ni jina. De Jong, jina lililoongoza kwa wingi nchi nzima mwaka 2007, liligeuka "Kijana". Visser akawa "Mvuvi", Bakker akawa "Mwokaji", De Boer akawa "Mkulima", mpaka ukurasa ukasomeka kama orodha ya wafanyakazi wa kaunti. Neno *zijl* lenyewe mtambo haukulijua, ukaliacha lilivyo. Ushauri wangu: zima tafsiri, soma jina kwa macho yako, kisha tafsiri sentensi moja moja ya maelezo. Pia si kila jina lina maelezo. Kuna majina niliyoyatoa katika daftari langu la oda, wateja wa miaka mingi, na kwa baadhi nilipata idadi na ramani tu, basi. Kwa jina lenye watu wachache mno tovuti haitoi hesabu kamili, inasema tu ni chini ya watano. Mwanzoni niliona wananibania. Baadaye nikaona ni adabu.

De Vries nilidhani nimelielewa kabla sijasoma: Mfrisia. Lakini fikiria, nani humwita mtu Mpate akiwa Pate? Mtu anakuwa Mpate akishuka Amu na mzigo wake. Jina la De Vries limejaa nchi nzima, maana wengi walioitwa hivyo walikuwa wamehama kwao, na majirani wapya hawakuhitaji kujua zaidi ya hapo.

Nililijaribu pia jina moja lisilo la Kifrisia, kwa sababu kila mgeni wa Kiholanzi anayekaa karakanani kwangu zaidi ya dakika kumi hunisimulia kisa kilekile. Eti Napoleon alipowalazimisha kuchukua majina ya ukoo, Waholanzi walimdhihaki kwa kujiandikisha majina ya kipuuzi, kama Naaktgeboren, "aliyezaliwa uchi", wakidhani Mfaransa ataondoka na majina yatafutwa. Kisa kitamu. Wenye elimu ya majina wanakikataa: hilo huliunganisha na neno la Kijerumani la mtoto aliyezaliwa nyuma, yaani baada ya baba yake kufa. Masikio yamebadili neno, kama yalivyofanya kwa tanga. Hapa kwetu tuna kina Shida na Sikujua, na hakuna aliyemdhihaki mfalme yeyote.

Habari ya Napoleon yenyewe lakini ni ya kweli, na ndiyo inayoeleza kwa nini hazina ya Leeuwarden ina thamani. Ufaransa iliitwaa Uholanzi mwaka 1810. Tarehe 18 Agosti 1811 ikatoka amri: asiye na jina la ukoo achague moja, aende akaliandikishe. Mjini wengi walikuwa nalo tayari, na wenye ardhi na vyeo pia. Friesland mashambani watu wengi walikuwa wakiitwa jina lao na la baba, basi. Jan mwana wa Pieter ni Jan Pieters. Binti yake Antje ni Antje Jans. Mjukuu akapewa jina la babu, na gurudumu likazunguka. Nilipomweleza mama yangu aliuliza, "Kwani hao ni Waislamu?" Nikamwambia hapana, mama, bali *bin* yao wameigeuza kuwa *s* na kuiweka nyuma.

Basi wakaitwa, kijiji kwa kijiji, mwaka 1811 na 1812. Mkubwa wa familia alisimama mbele ya karani, akataja jina alilolichagua, na wanawe na wajukuu wakaandikwa pamoja na umri wao na wanakokaa. Baba akiwa hai, jina lake liliwafunga wote walio chini yake. Baba akiwa amekufa, kila ndugu mkubwa alijichagulia, na ndivyo ilivyotokea kwamba ndugu wa tumbo moja wakatoka na majina mawili tofauti. Wengine hawakutii, na mwaka 1825 mfalme Willem wa Kwanza alilazimika kutoa amri nyingine. Miaka hiyohiyo ya kwanza huku kwetu ndiyo miaka ya vita vya Shela, na Ngome yetu ilianza kujengwa 1813. Nawaza mara nyingine: mtu wa Amu anaokota mawe ya matumbawe, mtu wa Friesland anaokota jina.

Hii ya kusimama mbele ya karani naijua. Kitambulisho changu kina majina matatu, langu, la baba na la babu, na la babu limepungua herufi moja kwa sababu siku ile karani wa ofisi moja hivi alikuwa na haraka ya chakula cha mchana. Nilipomwonyesha kosa akaniambia nirudi na kiapo cha wakili. Sikurudi. Wanangu wote sasa wanaandika jina la baba wa babu yao kwa upungufu uleule, shuleni, benki, kila mahali, na mdogo wao ananiambia hivyo ndivyo linavyoandikwa.

Tovuti ya pili, AlleFriezen, si ya maana za majina. Ni ya watu. Unatafuta mtu kwa jina lake na la baba yake, na kama bahati yako iko, unapata kuzaliwa, ndoa na kifo, na mara nyingi picha ya karatasi yenyewe. Uandikishaji wa serikali ulianza huko mwaka 1811, kwa hiyo ni karne mbili na zaidi za karatasi. Walio hai wanalindwa: cheti cha kuzaliwa hufunguliwa baada ya miaka 100, cha ndoa baada ya 75, cha kifo baada ya 50. Mimi nisingeweza kuitumia peke yangu. Huna jina la pa kuanzia, utabaki unarusha nyavu kwenye mchanga. Lakini mteja alikuwa nalo.

Nilimwendea Shela siku ya tatu. Mtu akikuagiza tanga nawe umegundua ni lango, unafanyaje? Kunyamaza ni rahisi, na pesa ni ileile. Lakini angekuja mtu mwingine baadaye, akasimama mlangoni kwake akamwambia, naye angejua kwamba fundi wa Amu alichonga bila kuuliza. Nikamweleza. Mkewe akafanya kama ushindi ni wake. "Nimekwambia miaka arobaini!" Ikabainika mkewe anazungumza Kifrisia cha nyumbani vizuri kuliko yeye, na kwa Kifrisia maneno yale mawili hayafanani hata kidogo: tanga ni *seil*, lango ni *syl*. Ni Kiholanzi tu kinachoyachanganya. Mzee akasema kwao kuna msemo wa kumpima mtu kwa ulimi, *bûter, brea en griene tsiis*, siagi, mkate na jibini la kijani. Asiyeweza kuutamka si Mfrisia wa kweli. Husimuliwa kwamba Pier Gerlofs Donia, jitu lao la vita lililokufa mwaka 1520, aliwapima hivyo mabaharia aliowakamata. Yeye mwenyewe aliutamka, mkewe akamsahihisha. Nikamwambia asione haya. Na sisi mtu akisema "leo" badala ya "yeo" tunajua kashuka kutoka Mombasa.

Jioni ile tulikaa barazani kwa mwenyeji wao, simu tatu mkekani. Yeye alikuwa na jina la baba wa babu yake, tukapanda kutoka hapo. Nilitarajia uchovu, na kweli ulikuwepo: majina yanarudiarudia, kila babu na mjukuu wana jina moja, na jina hilohilo karani mmoja ameliandika hivi na mwingine vile. Lakini kila karatasi ya ndoa inataja wazazi wa pande zote mbili na kazi zao, kwa hiyo unapanda ngazi hadi ngazi. Tukafika kwa mtu wa mwaka 1812, upande wa mashariki kuelekea Dokkum. Huko kuna lango maarufu, Dokkumer Nieuwe Zijlen, lililojengwa mwaka 1729 kuufunga mto usiingiliwe na bahari. Bahari yenyewe ya upande ule ilizibwa mwaka 1969 na leo ni ziwa. Mzee aliamini tu kwamba mtu wake alikuwa mlinzi wa lango, labda hata mjenzi. Karatasi ikasema *arbeider*. Kibarua. Hakuwa baharia wala mlinzi, aliishi tu karibu na lango, na siku ya kuulizwa jina akataja kilichokuwa dirishani.

Aliinamia simu muda mrefu. Nikadhani amevunjika moyo. Kumbe alikuwa akihesabu umri wa watoto walioorodheshwa.

Mpwa wangu, kijana wa kompyuta, alipoona mambo yamepoa akaleta habari ya Dijkstra mwingine, Edsger Dijkstra, aliyezaliwa Rotterdam mwaka 1930. Huyo ndiye aliyebuni hesabu ya kutafuta njia fupi kati ya sehemu mbili, aliyoichapisha mwaka 1959, na alisema aliipata kwa dakika ishirini hivi akinywa kahawa Amsterdam na mchumba wake, bila karatasi wala kalamu. Mzee akachangamka. Mpwa akawasha ramani ya simu kuonyesha jinsi inavyotafuta njia, kutoka tulipo mpaka karakana yangu. Ikatuelekeza tupite katikati ya msikiti. Vichochoro vya Amu havijamtii akaaye bomani.

Likabaki swali la kibao: tanga au lango? Niliwachorea lango kwa penseli, mbao mbili zinakutana kwa pembe, mawimbi nje, maji tulivu ndani. Sijisifu, lakini ulikuwa mchoro mzuri, na moyo wangu ulikuwa umeshaelemea huko. Mzee alimpigia simu dada yake. Wakazungumza Kifrisia kibovu kwa muda, mke akitikisa kichwa kila sentensi ya pili. Kisha akakata. Dada kakataa. Kwenye jiwe la kaburi la mama yao kuna tanga, na hataki kusikia habari ya lango.

Basi nikachonga tanga, na ZIJLSTRA, herufi nane, i na j zikiwa mbalimbali kabisa, pengo ambalo hata kipofu angeligusa akalijua. Nyuma ya ubao, upande utakaotazama ukuta, nikachonga lango dogo la ukubwa wa kiganja. Hakuniomba. Nilimwonyesha siku ya kumkabidhi, akakigeuza, akakigeuza tena, akanilipa na cha kile kilichoharibika, nami nikamrudishia nusu.

Kwa hiyo tathmini yangu. Tovuti ya CBG naipa nyota nne kati ya tano. Moja naikata kwa lugha, na kwa majina yaliyoachwa bila neno lolote. Kwa fundi wa vibao, mchoraji wa mabango, mshonaji anayedarizi majina, ni kifaa cha kazi kabisa: kabla hujashika patasi, andika jina uone tahajia zake zote, halafu mwonyeshe mteja kwenye kioo aweke kidole. Ingeniokolea siku nne na ubao mmoja. AlleFriezen naipa nyota tano kama una Mfrisia pembeni yako, na mbili kama huna. Zote zinakwenda vizuri kwa mtandao wa simu wa kawaida, isipokuwa picha za karatasi za zamani, hizo subiri usiku.

Na kile kibao cha kwanza hakikupotea bure. Mzee alikuwa na hoja kwa utani wake: waliohamia Amerika wengi waliacha *ij* wakaandika *y*, na kina Zylstra wako huko kweli, Canada na Marekani. Kama yuko mmoja anayepita Amu, au una rafiki wa jina hilo, karakana iko nyuma ya Usita wa Mui, uliza fundi wa vibao. Mbambakofi mkavu, nakshi ya mkono, tanga limejaa. Shilingi 3,500, na lango la nyuma nitachonga papo hapo ukisubiri.